Miezi 14 bila kazi: Nikishika tuktuk, nitarudi tena ofisini?

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mkazi wa Mikindani hapa Mombasa. Nina mke na watoto wawili. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, wala sikudhani iko siku nitakuandikia mimi.

Nilifanya kazi miaka kumi katika kampuni moja ya uwakala wa forodha mjini. Niliingia 2013 kama kijana wa kupeleka makaratasi bandarini, nikapanda pole pole hadi nikawa ndiye ninayeingiza entri, yaani matamko ya mizigo kwenye kompyuta ya forodha. Nilijifunza kwa mfumo wa zamani wa forodha, Simba, na mfumo mpya wa iCMS ulipokuja nikajifunza upya. Wakati ule mizigo ilipolazimishwa kupanda reli ya SGR ikatolewe Nairobi, ofisi nyingi za hapa zilifungwa na wenzetu wakakaa vijiweni, lakini sisi tuliponea. Shughuli ziliporudishwa Mombasa Septemba 2022 nilishukuru Mungu, nikaona sasa tumetulia. Haukupita muda mrefu, mteja wetu mkubwa akahama. Tukaitwa watu sita, kila mmoja akapewa barua na mshahara wa mwezi mmoja, tukaambiwa hali ikibadilika tutatafutwa. Nilitoka kwa hasira bila kumuaga mtu. Leo ni miezi 14.

Nimetuma maombi zaidi ya 60 kwa barua pepe. Nimeitwa mahojiano mara mbili, na mara zote mbili swali lilikuwa hilo hilo: "Tangu utoke kule umekuwa ukifanya nini?" Tena wananiuliza cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, nami sina, kazi niliisomea kazini.

Kinachotulisha ni mahamri na mbaazi anayouza mke wangu mbele ya nyumba. Saa kumi alfajiri tunaamka pamoja. Mimi ndiye ninayekuna nazi, ninayekanda unga na kusukuma, yeye anachoma. Lakini kukianza kupambazuka na wateja wakianza kuja, mimi huingia ndani. Wengi wao ni watu wanaoshika matatu kwenda kazini, na baadhi yao tunajuana. Nakaa nyuma ya pazia mpaka wamalizike. Barazani baada ya alasiri siku hizi siendi, kwa sababu mtu akikusalimu tu, la pili ni "vipi, umepata?"

Sasa ami yangu ana tuktuk mbili. Moja haina dereva. Amenipa nafasi niishike, hesabu ya kumpelekea shilingi 1,000 kwa siku, mafuta juu yangu, kinachobaki changu. Leseni ninayo. Nilipositasita akaniambia, "Mchagua jembe si mkulima." Mke wangu alikuwepo, akaangalia chini, hakusema neno.

Bi Mshauri, sio kwamba nadharau kazi. Mwenzetu mmoja aliyefutwa kabla yetu alianza bodaboda. Ofisini tukimtaja tukimwita "yule wa boda", na zilipopatikana kazi hakuna aliyemkumbuka. Naogopa nikionekana Digo Road na tuktuk, jina langu katika forodha limekwisha, na miaka kumi imepotea.

Kwa upande mwingine kuna rafiki yangu mwenye ofisi ndogo ya uwakala Moi Avenue. Anasema niende nikae mezani nimsaidie entri, mshahara hana kwa sasa, tukipata tutagawana. Hapo angalau nitakuwa ofisini. Lakini nauli ya kwenda na kurudi kila siku itatoka kwenye mahamri.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mamangu yuko Msambweni na hajui kwamba sina kazi. Kila mwezi namtumia shilingi 3,000 kama kawaida, na miezi mitano hii nimekuwa nikizitoa kwenye mikopo ya simu. Nikienda kumuona napiga pasi shati la kazi, navuka ferry nikiwa nimechomekea. Anaomba dua Mungu anizidishie huko kazini, nami naitikia amin.

Nifanye nini?

Nimekwama, Mikindani

JIBU

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale nyuma ya pazia. Nitaparudia.

Nikikuelewa vizuri, umeniletea mambo matatu yaliyofungwa fundo moja. Kuna riziki ya leo: watoto wapate kula, mikopo isizidi. Kuna taaluma uliyoijenga miaka kumi, unayoogopa isije ikafa mikononi mwako. Halafu kuna uso wako mbele za watu, kuanzia wateja wa mahamri, watu wa baraza, mpaka mama. Umeniuliza kuhusu tuktuk, lakini kwa nilivyosoma, hilo la tatu ndilo linaloyakaza mengine mawili.

Tuanze na yule mwenzenu wa bodaboda, kwa sababu umemchukua yeye kuwa ushahidi. Unasema kazi zilipopatikana hakuna aliyemkumbuka. Je, ni kwa sababu alipanda pikipiki, au kwa sababu aliacha kuonekana? Alikuwa akipita ofisini kuwasalimu? Alikuwa akipiga simu? Nakuuliza kwa upole, mwanangu, kwa kuwa ulikuwa mmoja wa waliomwita "yule wa boda": kama angeingia siku moja na kofia yake ya chuma mkononi akasema, "Jamani, ikisikika nafasi mnikumbuke," wewe ungemkatalia? Sidhani. Pengine hukumu unayoiogopa ni ile uliyomhukumu nayo wewe, na watu wengine hata hawana habari nayo.

Babangu alikuwa kuli wa Kilindini. Makontena yalipozidi na kreni zikawa zinafanya kazi ya mikono ya watu wengi, naye alirudi nyumbani. Namkumbuka amekaa barazani na sindano, akitoboa kofia za vito, kitundu kimoja kimoja, kofia moja wiki kadhaa. Pesa ilikuwa ndogo ila ilikuwepo. Sikumbuki akilalamika. Lakini sikumbuki pia akitoka kwenda kuwaona wenzake wa bandarini, hata mara moja. Hakurudi kule tena. Sijui ingekuwaje kama angetoka, ndiyo maana sikuambii kwamba ukitoka utapata. Nakuambia tu kwamba sindano haikumzuia mtu kumuita.

Sasa angalia hayo maombi 60. Kazi yako ya kwanza, 2013, uliipata kwa barua pepe? Hukuniandikia, lakini naijua Mombasa. Kazi za uwakala hapa hutembea kwa mdomo: fulani anaacha, fulani anasafiri, bosi anauliza, "Mna mtu anayejua entri za magari?" Swali hilo huulizwa kwenye chai ya saa nne na kwenye foleni ya kukagua makontena yadini. Huulizwa hata barazani, baada ya alasiri, pale ulipoacha kwenda. Unakwepa "umepata?" moja inayouma, na pamoja nayo unakwepa "fulani anatafuta mtu". Siwezi kukuamrisha urudi barazani kesho. Ila labda ungeanza na watu watatu tu wa zamani, mmoja mmoja, kwa simu, ukawaambia waziwazi kwamba umo sokoni na nini unachokijua. Usiseme "natafuta kazi yoyote". Hiyo humchosha anayetaka kukusaidia. Mwambie: nimeingiza entri miaka kumi, za mizigo ya aina hii na hii, mifumo yote miwili naijua.

Hayo hayo yaandike kwenye wasifu wako. Kwa mwezi ulikuwa ukiingiza entri ngapi? Mizigo ya hapa nchini peke yake, au pia ya kupita kwenda Uganda na Sudan Kusini? Mara ngapi uliokoa kontena lisiingie siku za kulipiwa ada ya yadi? Vitu hivi wewe unaviona vya kawaida kwa sababu ulivifanya kila siku. Na usijifungie kwenye ofisi za uwakala tu. Viwanda vinavyoagiza malighafi vina watu wao wa kufuatilia makaratasi, kampuni za malori pia. Magodauni ya chai hayalali, maana chai ya nchi nyingi za kanda hii huuzwa kwenye mnada wa hapa hapa Mombasa, kisha husafirishwa kwa karatasi mtu kama wewe angezisoma bila taabu hata kama amezoea mizigo inayoingia kuliko inayotoka.

Cheti hicho wanachokuuliza, KESRA, chuo cha mamlaka ya mapato, wanakifundisha na wana tawi hapa Mombasa. Ada najua ni mzigo kwako sasa. Lakini kuulizia ni bure, na ukijua kiasi kamili na tarehe ya kuanza, unakuwa na kitu cha kuwekea akiba badala ya hofu isiyo na namba.

Nikija kwenye tuktuk, sitakuambia ishike wala usiishike. Methali ya ami yako ni kweli, ila mkulima ana haki ya kuuliza jembe hilo litalima saa ngapi. Nilivyowaona madereva wa tuktuk, ukitaka hesabu itoke na chako kibaki, unatoka alfajiri na kurudi usiku. Miezi sita ya hivyo, huna asubuhi ya kwenda mahojiano, huna nguvu ya kusoma, huna hata muda wa hizo simu tatu. Hatari ya tuktuk naiona hapo, kwenye saa, kuliko kwenye macho ya watu wa Digo Road. Je, ami yako angekubali muishike wawili, dereva mwingine asubuhi, wewe kuanzia saa nane mchana, na hesabu mkagawana? Au siku nne kwa wiki? Ni ami, unaweza kumuomba jambo ambalo mwenye gari mwingine usingemuomba. Mkubaliane pia mapema: ikiharibika gereji ni ya nani, siku ya mvua kubwa hesabu inakuwaje. Ujamaa huvunjika kwenye mambo kama hayo. Na ukiulizwa kwenye mahojiano ulikuwa ukifanya nini, utakuwa na jibu fupi la kweli: nilikuwa nikiendesha tuktuk ya familia huku nikisomea cheti. Ukilinganisha na kimya, mimi nalipenda hilo jibu.

Meza ya rafiki yako inakuvutia kwa sababu ni ofisi, nakuelewa, shati litapata pa kwenda. Ina faida ya kweli pia: mkono wako utabaki kwenye mfumo na watu wa forodha watakuona. Lakini kuna maswali ningekuomba umuulize kabla ya kukaa. Ofisi yake ina leseni ya uwakala ya mwaka huu? Entri zitaingia kwa jina la nani? Wajua kuliko mimi kwamba tamko la uongo ni kosa la jinai katika sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mteja akidanganya thamani ya mzigo, mkono ulioingiza entri ndio unaotafutwa kwanza. "Tukipata tutagawana" nimelisikia likiisha kwa machozi mara nyingi, hata kati ya watu waliopendana. Angeweza kukulipa nauli na kitu kidogo kwa kila entri inayopita? Angekubali iwe miezi mitatu, iandikwe, kisha mkae tena? Akisita kuandika hata karatasi moja, hapo umejifunza jambo. Na labda si lazima uchague kimoja: asubuhi mbili kwa wiki kwake, alasiri kwenye tuktuk. Wewe ndiye unayejua mwili wako na nyumba yako vinaweza nini.

Kuna jambo umelipita haraka kwenye barua yako, nami limenishtua. Miaka kumi, na ukapewa mshahara wa mwezi mmoja tu? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inasema anayeachishwa kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja au malipo ya mwezi badala yake, alipwe likizo alizokuwa hajachukua, na juu ya hayo alipwe angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Kwako wewe ni siku 150 za mshahara, mwanangu. Huenda huo mwezi mmoja ulikuwa wa notisi tu. Kifungu cha 51 nacho kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi, kinachosema ulifanya kazi gani, tangu lini mpaka lini. Hicho ni chako hata kama ulitoka umenuna.

Madai ya namna hii yana muda wa miaka mitatu, na miezi 14 imeshakwenda. Sikusukumi mahakamani. Mji wetu ni mdogo, na najua utasema bosi wako wa zamani ndiye utakayetaka akusemee vizuri. Ni hofu ya haki, ipime. Ila kuna njia za kati: barua ya adabu ya kuulizia hesabu yako, kisha afisa wa leba, ambaye kazi yake mojawapo ni kusuluhisha. Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na huwashauri watu wa kipato kidogo. Na wale wenzako watano mliopewa barua siku moja? Wao walilipwa nini? Pengine hakuna aliyemuuliza mwenzake, kila mmoja amejifungia kwake.

Sasa mama.

Nimejaribu kujiweka mahali pake, maana nina watoto wa umri wako. Lau mwanangu angekuwa anakopa kwenye simu ili anitumie mimi shilingi 3,000, halafu nikaja kujua kwa mtu mwingine, kingeniuma nini? Kazi kupotea, hapana, kazi hupotea. Kingeniuma kwamba nilikuwa namuombea dua ya kitu kisichokuwepo, wakati ningeweza kumuombea anachokihitaji. Lakini huyo ni mimi, simjui mamako. Labda ana presha, labda wakubwa wako wangesema asiambiwe ghafla. Ungeweza kuanza na dada au kaka, kama unao, mkagawana hizo 3,000 kwa muda. Ungeweza kumwambia mama nusu kwanza: "Kazi imepungua, kwa sasa nitakutumia 1,000." Kila njia ina maumivu yake. Mikopo ya simu nayo ina yake, tena hukua usiku ukiwa umelala. Kwa hiyo nakuomba jambo dogo tu: mwezi huu, kabla ya kubonyeza kukopa tena, kaa na mkeo muandike kwenye karatasi jumla ya mnayodaiwa.

Na usingizi ukiendelea kukukimbia, au ukianza kuona dunia imekuwa nzito kuliko unavyoweza kuibeba, nenda hospitali ukaseme. Port Reitz haiko mbali na Mikindani, na wana wahudumu wa afya ya akili. Wanaume wetu hungoja mpaka waanguke.

Nilisema nitarudi kwenye pazia. Unaniambia huna kazi, lakini saa kumi alfajiri umeshakuna nazi, umeshakanda, umeshasukuma, na wale unaowakimbia wanapanda matatu wakila hamri la mkono wako. Mkeo anayauza kama yake peke yake. Hilo unaliona dogo, nami nakuachia ulitafakari.

Kuna mtu mmoja ambaye katika barua nzima hajasema neno. Ami alipotoa methali yake, mkeo aliangalia chini. Huenda wewe umelisoma hilo kuwa amekubaliana naye. Umemuuliza? Ukiniandikia tena, nianzie hapo: alisema nini.